Kabla ya Kununua Prosesa, Ijue Kwanza Soketi



Somo tunalowaletea katika toleo hili ni la ufundi. Tumelichagua kwa kuwa wengi wenu, mnaosoma na mliokwisha kumaliza, mna mikono yenu katika steshenari za hapa barabarani Maganzo, ama zenu wenyewe ama za kaka zenu. Mnachapa barua, mnatoa nakala, mnawajazia wenzenu fomu za Bodi ya Mikopo. Kompyuta ndiyo jembe la kazi hiyo, na jembe hilo kwa wengi limechakaa.

Kuna na sababu ya pili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, yaani yale marekebisho ya bure ya kuziba matundu ya usalama yalikoma. Tangu hapo mwenye kompyuta ya zamani anaambiwa na kila anayekutana naye: "badilisha prosesa", au "weka mazabodi mpya". Anatuma pesa Mwanza au Kariakoo, kifurushi kinakuja na basi, anafungua, kitu hakiingii. Au kinaingia na mashine haiwaki. Au inawaka vizuri kabisa, lakini lile alilokusudia halipatikani, na halikuwa la kupatikana tangu mwanzo. Hilo la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna wa kumlaumu na hakuna cha kurudisha.

Somo letu ni kwamba yote haya matatu yanaweza kujulikana kabla ya shilingi kutoka mfukoni, na mahali pa kuyajulia ni pamoja: kwenye soketi. Soketi ndiyo dari ya kompyuta. Ukiijua, unajua mashine hiyo inaweza kupanda hadi wapi na haiwezi kupita wapi.

MAZABODI, PROSESA NA SOKETI

Mkifungua kasha la kompyuta ya mezani mtaona ubao mkubwa, mara nyingi wa kijani, bluu au mweusi, ambao kila kitu kimeunganishwa nao. Vitabuni huitwa ubao mama. Mafundi wanasema mazabodi. Juu yake kuna feni, na chini ya feni kuna bati nene la kupoza joto. Ondoeni vyote viwili mtakuta kipande cha mraba, si kikubwa kuliko kibiriti kwa upana. Hicho ni prosesa, inayofanya hesabu zote. Pale ilipokalia ndipo tunapopaita soketi. Msichanganye na soketi ya ukutani, ingawa maana ni ileile: mahali palipochongwa kumpokea mgeni mmoja wa umbo fulani.

Zamani prosesa ilikuwa na vijiti vidogo chini yake, yaani pini, na soketi ilikuwa na matundu. Mwaka 2004 Intel walileta soketi iitwayo LGA 775 wakageuza mpango: pini zikahamia kwenye soketi, na prosesa ikabaki na vidoa bapa chini. AMD walibaki na pini chini ya prosesa katika kompyuta za kawaida za mezani mpaka 2022, walipoleta AM5. Jambo hili lina maana kwa fundi. Kwa Intel, ajali hutokea kwenye mazabodi: ukiidondosha prosesa juu ya soketi umepinda pini nyembamba kuliko unywele, na mazabodi imekufa au karibu. Kwa AMD ya zamani ajali hutokea kwenye prosesa, na pini iliyopinda mara nyingine hunyooshwa kwa sindano na subira.

Vile vidoa vinavyong'aa vimepakwa dhahabu. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa tuko ukanda wa Shinyanga na Geita na kila kijana anajua bei ya gramu. Dhahabu ile ni utando mwembamba mno. Kuna wanaochoma mbao za zamani au kuziloweka kwenye tindikali wapate chembe. Moshi wake una risasi na sumu nyingine, na wachimbaji wadogo tayari wana balaa la zebaki, hawahitaji la pili. Ubao mzima wa zamani una thamani zaidi kwa fundi anayetafuta kipuri kuliko kwa anayeuchoma.

NAMBA NA MITEGO YAKE

Katika soketi za Intel, namba iliyo mbele ya jina ni hesabu ya pini. Tuzipitie kwa miaka, kwani mashine zinazofika kwetu, hizi za Dell OptiPlex, HP na Lenovo ThinkCentre zilizokwisha kutumika maofisini nje ya nchi, zimo humu karibu zote.

LGA 775 tumekwisha kuitaja: ilibeba Pentium 4 mpaka Core 2 Duo na Core 2 Quad. Mwaka 2009 ikaja LGA 1156 kwa kizazi cha kwanza cha Core i3, i5 na i7. Mwaka 2011 ikaja LGA 1155, ya kizazi cha pili na cha tatu. Mwaka 2013 ikaja LGA 1150, ya kizazi cha nne. Mwaka 2015 ikaja LGA 1151, kwanza kwa kizazi cha sita na cha saba. Mwaka 2020 LGA 1200, ya kizazi cha kumi na cha kumi na moja. Mwaka 2021 LGA 1700, ya kizazi cha kumi na mbili mpaka cha kumi na nne. Mwaka 2024 LGA 1851.

Tazameni 1156 na 1155. Tofauti ni pini moja, na mtu asiyejua husema "moja si kitu, itaingia". Haiingii. Pembeni mwa prosesa kuna vipengo viwili, na soketi ina vinundu viwili vya kukutana navyo. Kati ya soketi hizi vimewekwa mahali tofauti makusudi. Prosesa ikikataa kulala yenyewe, bila kusukumwa hata kwa kidole, acheni hapohapo. Anayesukuma anavunja.

Huo ni mtego wa wazi. Mtego wa kificho ni 1151. Kizazi cha nane kilipotoka mwaka 2017, Intel walitumia soketi yenye jina lilelile, LGA 1151, pini zilezile kwa hesabu, umbo lilelile. Prosesa ya i5-8500 inakaa juu ya mazabodi ya i5-6500 barabara, mkono wa soketi unafunga, feni inarudi. Mashine haiwaki. Kazi za baadhi ya pini zilibadilishwa ndani, na mazabodi za kizazi cha sita na cha saba hazikitambui kizazi cha nane. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu walikwisha kufuata kanuni ya kulinganisha namba na namba zilikuwa sawa.

Kwa hiyo namba ya soketi ni sharti la kwanza, na haitoshi.

CHIPSETI, NA ORODHA YA MTENGENEZAJI

Sharti la pili ni chipseti. Hii ni chipu nyingine juu ya mazabodi, inayosimamia mawasiliano kati ya prosesa na vifaa vingine. Ina jina lake: H61, Q67, Q77, H81, B250 na kadhalika. Mazabodi mbili zenye soketi moja zinaweza kuwa na chipseti mbalimbali, na zikapokea prosesa mbalimbali.

Tuchukue mashine mbili ambazo mnaweza kuzikuta madukani. Dell OptiPlex 990 ina soketi ya LGA 1155 na chipseti ya Q67. Dell OptiPlex 7010 ina soketi ileile na chipseti ya Q77. Kwa nje utadhani ni pacha. Lakini 990 ni ya kizazi cha pili tu, na 7010 inapokea cha pili na cha tatu. Basi mwenye 7010 yenye i3-2100 anaweza kuinunulia i5-3470, ambayo ina viini vinne badala ya viwili, au i7-3770. Mwenye 990 akinunua i5-3470 hiyohiyo amenunua pambo. Yeye atafute i5-2400, ambayo pia ina viini vinne.

Kuna na sharti la tatu, bayosi. Hii ni programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, inayoamka kabla ya Windows. Mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa fulani haiwezi kuijua mpaka bayosi yake isasishwe. Mtengenezaji wa mazabodi huweka orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na mbele ya kila moja huandika toleo la bayosi linalotakiwa. Orodha hiyo, na si maneno ya muuzaji wala ya mwandishi wa makala hii, ndiyo hakimu. Itafuteni kwa jina kamili la mazabodi au la mashine.

Kusasisha bayosi kwenyewe ni dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati ya dakika hizo mazabodi inaweza kubaki bubu. Hapa kwetu msifanye kazi hiyo bila UPS yenye betri nzima. Kama haipo, azimeni.

KUSOMA JINA LA PROSESA

"Kompyuta hii ni Core i5" ni maneno yanayouza sana na yasiyoeleza kitu. Core i5 zipo tangu mwaka 2009. Tunaoishi jirani na Mwadui, ambako Williamson alipata almasi mwaka 1940, tunajua kwamba jiwe haliuzwi kwa neno "almasi" peke yake. Linatazamwa kwa lenzi, uzito, rangi, ufa. Prosesa nayo lenzi yake ni namba inayofuata baada ya i5.

Kwa namba ya tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: i5-2400 ni cha pili, i5-3470 cha tatu, i5-4570 cha nne, i5-8500 cha nane. Zikiwa tano, mbili za mwanzo ndizo kizazi: i5-12400 ni cha kumi na mbili. Kizazi cha kwanza mara nyingi kina tarakimu tatu tu. Na ukubwa wa daraja haupiti umri: i3-8100 ya kizazi cha nane ina viini vinne, sawa na i5 za zamani, na kila kiini kina kasi zaidi. Mtu anayedharau i3 kwa kuwa "i5 ni kubwa" anachagua kwa herufi.

Tazameni pia herufi ya mwisho. Intel yenye F, kama i3-12100F, haina uwezo wa kutoa picha. Bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Kwa Ryzen za soketi ya AM4 ni kinyume: zenye G, kama 3200G na 5600G, ndizo zenye picha, na zisizo na G zinahitaji kadi. Kwa kazi za steshenari kadi ya picha ni gharama bure, basi chagueni yenye picha ndani.

Kujua mliyo nayo sasa ni rahisi. Kwenye Windows bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andikeni msinfo32, mtaona jina la prosesa, la mashine na mara nyingi la mazabodi. Programu ya bure iitwayo CPU-Z inaonyesha mpaka jina la soketi na chipseti. Kwenye Linux andikeni lscpu. Mashine ikiwa haiwaki, majina yamechapwa: la mashine kwenye kasha, la mazabodi juu ya ubao wenyewe, la prosesa juu ya bati lake baada ya kufuta themopesti.

PROSESA TU, AU MAZABODI NZIMA?

Sasa tufike kwenye maamuzi, na tuanze na swali linalosahauliwa: mnataka nini? "Iwe nzito kidogo" au "iwe nyepesi" si jibu. Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya, mashine kuwa na kasi na mashine kukubali Windows 11.

Kama tatizo ni ugoigoi, mara nyingi prosesa haina kosa. Mashine yenye hadi diski ya kuzunguka na ramu ya GB 2 au 4 itakuwa goigoi hata ukiipa i7. Badilisheni hadi diski kwa SSD, fikisheni ramu GB 8, kisha tazameni kama bado mnaitaka prosesa. SSD hiyo mkihama mtahama nayo. Prosesa ya LGA 1155 hamtahama nayo kwenda popote, inafia ndani ya soketi yake.

Kama tatizo ni Windows 11, ndipo dari inapoonekana. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft waliweka orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa Intel za kawaida za mezani orodha inaanzia kizazi cha nane, na mashine iwe na kitu kiitwacho TPM 2.0, chombo cha kutunza funguo za siri. Pimeni sasa dhidi ya soketi. Prosesa yoyote inayoingia LGA 1155 ni ya kizazi cha pili au cha tatu. LGA 1150, hasa cha nne. LGA 1151 ya mwanzo, cha sita na cha saba. Hakuna hata moja iliyomo kwenye orodha. Maana yake mwenye OptiPlex 7010 akinunua i7-3770, iliyo katika kilele cha soketi yake, amepata kasi, naam, lakini Windows 11 rasmi hajaisogelea hata hatua moja. Zipo njia za kuilazimisha ikae, na mafundi wanazifanya. Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho, na hatuoni vizuri fundi kumtoza mteja kwa kitu hicho bila kumweleza.

Kwa mwenye mashine ya aina hii tuna ushauri ambao vijana hawaupendi: Linux. Linux Mint au Ubuntu zinakaa vizuri kwenye mashine ya kizazi cha tatu au cha nne yenye SSD, ni bure, na zinapata marekebisho. Uandishi wa barua, intaneti na fomu zote zinafanyika. Jaribuni kwanza kwa fleshi bila kufuta kitu, na hakikisheni printa yenu inakubali, kwani hapo ndipo penye usumbufu.

Wengine watasema: basi tubadilishe mazabodi tuipandishe dari. Kwa kompyuta iliyounganishwa na fundi kwa vipuri vya kawaida, sawa. Kwa hizi za maofisini tazameni kwanza waya za pawa saplai. Mazabodi za kawaida hupokea umeme kwa plagi ya pini 24. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Swichi ya mbele nayo ina waya wake wa pekee, na makasha madogo yamechongwa kwa mazabodi ya kiwanda chake tu. Kwa hiyo mazabodi mpya itataka pawa saplai mpya, pengine na kasha jipya. Ramu ya DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, nayo itabadilishwa. Na prosesa, bila shaka. Kilichobaki cha zamani ni skrini na kibodi. Mtu huyu alidhani anabadilisha kitu kimoja, kumbe amejenga kompyuta nzima kwa bei ya rejareja. Kwa fikra zetu, badala ya njia hiyo uzeni mashine ya zamani au ibakizeni kwa kazi ndogo, mtafute nyingine iliyotumika ambayo imetoka kiwandani na kizazi cha nane au zaidi, mfano OptiPlex 3060 au 7060.

KWA ANAYEJENGA UPYA

Huyu ana uhuru wa kuchagua soketi, na tungependa achague kwa kutazama dari. Mfano mzuri wa dari ndefu ni AM4 ya AMD. Ilianza 2016, Ryzen za kwanza zikaja 2017, na mwaka 2022 AMD waliruhusu Ryzen za mfululizo wa 5000 kwenye mazabodi zilizotoka 2017, kwa kusasisha bayosi. Aliyenunua ubao wa chipseti ya B350 mwaka ule ameweza kupanda ngazi mara tatu au nne bila kubadilisha ubao. Wa Intel katika miaka hiyohiyo, 2017 mpaka 2022, amekutana na 1151 ya pili, 1200 na 1700.

Kwa mwenye mfuko wa kawaida anayefanya kazi za ofisi, tunaona AM4 yenye ubao wa A520, B450 au B550 na prosesa yenye G, mfano 5600G yenye viini sita na wati 65, ni chaguo la utulivu. Vipuri vyake vilivyotumika vimejaa sokoni na Windows 11 inaikubali. Ila tuseme ukweli, ngazi ya AM4 imefika juu. Mnanunua kitu kizuri kilichokamilika. Anayetaka nafasi ya kupanda miaka ijayo atazame AM5, ambayo inataka ramu ya DDR5 peke yake. LGA 1700 iko katikati: i3-12100 ni prosesa nzuri sana kwa bei yake, na ubao wake upo wa DDR4 na upo wa DDR5, kwa hiyo someni kabla ya kununua ramu, maana ubao haupokei zote mbili kama mnavyopenda. Bei hatuziandiki, kwani ya ramu hasa hupanda na kushuka ndani ya miezi.

KUAGIZA NA KUFUNGA

Katika darsa la fiqhi mmesoma khiyari ya aibu: aliyenunua kitu kikadhihirika kina kasoro iliyokuwapo kabla ya kukinunua, ana haki ya kukirudisha. Sasa tafakarini. Prosesa ya LGA 1155 isiyoingia kwenye ubao wa LGA 1150 haina kasoro yoyote. Ni nzima, na muuzaji wa Kariakoo ametuma alichoombwa. Mnunuzi hana hoja. Lakini mkimwandikia, "Nataka prosesa itakayofanya kazi kwenye Dell OptiPlex 7010", naye akakubali, hapo sifa imetajwa katika mauzo, na ikikosekana hoja ipo. Kwa hiyo agizeni kwa ujumbe wa maandishi wenye jina kamili la mashine, na mtunze ujumbe. Kwa mazabodi iliyotumika ombeni picha ya soketi ikiwa wazi, iliyopigwa karibu kwa mwanga wa kutosha, mzione pini kama zimelala kwa mstari. Mazabodi ya Intel isafirishwe na kifuniko chake cha plastiki juu ya soketi. Bila hicho, barabara itamaliza pini zake.

Mkifunga, zimeni, chomoeni waya wa umeme, na mguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ushuke, hasa wakati huu wa kiangazi. Pigeni vumbi nje ya nyumba, si juu ya soketi iliyo wazi. Pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa ikutane na alama ya kona kwenye soketi. Themopesti iwe kiasi cha punje ya dengu, na ya zamani ifutwe yote. Feni irudi na kuchomekwa. Prosesa mpya ikiwa na wati nyingi kuliko ya kwanza, ulizeni kama bati la kupoza lililopo linaiweza. Kwenye makasha madogo kabisa jibu mara nyingi ni hapana.

ZOEZI

1. Mteja ana OptiPlex 990 yenye i3-2100. Ameshauriwa anunue i7-3770 kwa kuwa "zote ni 1155". Mwandikieni jibu la mistari mitano, mkimtajia prosesa nyingine itakayomfaa.

2. Steshenari ina HP EliteDesk 800 G1, i5-4570, ramu GB 4, hadi diski ya kuzunguka. Kazi ni kuchapa na kujaza fomu. Mwenyewe anataka kununua mazabodi ya kizazi cha nane na kuiweka ndani ya kasha hilohilo. Orodhesheni vyote atakavyolazimika kununua, kisha mpendekeze njia nyingine.

3. Kijana ana ubao wa B350 wa mwaka 2017 wenye Ryzen 3 1200 na kadi ya picha. Anataka Windows 11. Elezeni atafanya nini kwa utaratibu, mkianza na bayosi, na msisahau umeme.

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mazoezi, na kila jibu lionyeshe jina la soketi na la chipseti.